Barafu ya Wageni

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kuwauliza akina mama jinsi watoto wao wanavyokohoa. Niliifanya kwa miaka miwili, mimi mwenye shahada ya sosholojia, niliyedhani nimesomeshwa ili niipange upya nchi. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri. Wenzangu niliomaliza nao walikuwa mjini wakiuza mitumba na kusema ni kwa muda tu. Mimi nilirudi nyumbani Mbinga, nikakaa kwa mzee miezi mitano nikichuma kahawa vibaya, mpaka niliposikia kuna mradi wa utafiti wa kifaduro unaotafuta mtu anayeweza kuandika ripoti na anayejua Kimatengo. Mzee aliniuliza kama kikohozi nacho kinahitaji digrii. Nilimwambia ni kikohozi cha kitaalamu. Akasema afadhali, maana kahawa yake ingepumzika.

Mkuu wa mradi alikuwa daktari kutoka mjini, mtu mpole mwenye sauti ya chini, aliyeamini kwamba kila jambo litajibika ikiwa swali limeandikwa vizuri. Sisi tulimwita Daktari, yeye alituita timu, ingawa timu yenyewe ilikuwa mimi na dereva. Swali lake kubwa lilikuwa moja: kwa nini katika baadhi ya vijiji watoto waliomaliza sindano zote tatu za kifaduro walikuwa bado wanaugua kifaduro? Kadi zao za kliniki zilikuwa safi, tarehe zimeandikwa, na bado walikohoa.

Asiyewahi kukiona kifaduro hudhani ni kikohozi tu. Mtoto hukohoa mfululizo bila nafasi ya kuvuta pumzi, mpaka macho yanakuwa mekundu na midomo inabadilika rangi. Kisha hewa inaingia kwa nguvu, kwa mlio kama wa jogoo mchanga anayejifunza kuwika, halafu anatapika alichonyonya. Baada ya hapo analala kwa kuchoka, na mama anakaa macho akisubiri kingine. Huenda hivyo miezi miwili, mitatu. Mtoto mkubwa hukonda na kupona. Mchanga anaweza kuacha kuvuta pumzi, basi.

Dodoso letu lilikuwa na kurasa kumi na mbili. Kwenye ukurasa wa nne palikuwa na swali la mlio, na kwa kuwa kila mtu huuelezea mlio kwa namna yake, Daktari aliagiza tuuigize. Ndivyo nilivyojikuta nimesimama kwenye nyua za watu huko Matiri na Mbuji, kalamu mkononi, nikiwika. Mama mmoja wa Mbuji alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akaniambia, "Baba, kama unaumwa hivyo si ungeanza kwenda hospitali mwenyewe?" Jirani zake walicheka mpaka wakaweka chini vikapu vyao. Niliandika kwenye dodoso: hajawahi kuusikia.

Kule milimani mambo yalikuwa kama tulivyotarajia. Watu walihamia mashamba ya mbali msimu wa kulima, sindano ya pili ikapitwa, ya tatu ikasahaulika. Hilo lilikuwa jibu rahisi na Daktari hakulipenda, kwa sababu kila mtu alilijua. Jibu alilolitaka lilikuwa huko chini, kando ya ziwa, kwenye vijiji vya mbele ya Kihagara, ambako akina mama walikuwa hawapitwi na kliniki hata moja na watoto walikuwa wanaugua vilevile.

Siku hizo wilaya ilikuwa bado moja, milima na ziwa chini ya ofisi moja ya Mbinga. Lakini kushuka kwenda ziwani kwa sisi wa milimani kulikuwa kama kuvuka mpaka. Unaondoka asubuhi umevaa sweta, unafika umelowa jasho na sweta umelikunja mapajani. Wanyasa, watu wa ziwani, walituona tunavyoteseka, na walifurahi kwa upole. Waliniita mtu wa kahawa. Waliuliza kama ni kweli kwetu watu huoga mara moja kwa wiki kwa sababu ya baridi. Nilipokataa kuingia kwenye mtumbwi, jambo ambalo halikuwa hata kwenye kazi yangu, habari zilifika kijiji cha pili kabla yangu.

Zahanati tuliyoishughulikia zaidi ilikuwa na vyumba vitatu na nesi mmoja. Alikuwa mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, mwembamba, gauni lake jeupe limepigwa pasi hata kwenye mikunjo isiyoonekana. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akaniuliza habari za mzee wangu ambaye hakuwahi kumwona. Kisha akanipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma kunionyesha jokofu.

Lilikuwa jokofu la mafuta ya taa, la aina iliyokuwa ikipelekwa kwenye zahanati zisizo na umeme. Chini kuna tangi na utambi, na kwa namna ambayo sijawahi kuielewa mpaka leo, moto ule mdogo wa chini ndio unaoleta baridi ya juu. Ukizidisha moto, baridi inazidi. Nesi alilipenda lile jokofu kama mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa. Alikata utambi wake kwa mkasi mwenyewe, akasafisha bomba la moshi kila Jumamosi, na hakuruhusu mtu mwingine kufungua mlango. Aliniambia kwamba zamani, miaka ile ya foleni na vibali, mafuta ya taa yalikuwa yakikatika wiki mbili, na yeye alikuwa akikaa pale anatazama chanjo ikipata joto kama mgonjwa asiye na dawa. Mafunzoni waliwaambia joto ni adui, yeye akamwona adui huyo kwa macho yake. Sasa soko lilikuwa huria na mafuta yalikuwa kwenye kila duka. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake angeweza kuwasha atakavyo.

Baada ya maelezo hayo alifungua mlango wa juu, akatoa kikombe cha plastiki, akakigonga ukingoni mwa meza. Donge la barafu likadondoka kwenye bilauri ya maji.

Sina budi kusema ukweli kuhusu bilauri ile. Tulikuwa tumeshuka milima kwa saa nne, vumbi limetujaa mdomoni, na joto la mwezi wa kumi lilikuwa limenikalia kifuani. Nilikunywa yote bila kupumua. Dereva wetu alikunywa yake, akaomba barafu nyingine, akaitafuna kama muwa. Nesi alisimama anatutazama, amefurahi. Kwao mgeni aliyetoka mbali hupewa kitu ambacho hakipati njiani, na pale, kwenye pwani ile yote, hapakuwa na mwingine mwenye barafu. Nilitoa fomu yangu ya ukaguzi. Palikuwa na mstari unaouliza hali ya jokofu, na nafasi ndogo ya kuandika. Niliandika: baridi ya kutosha, bora kuliko zote. Ukutani pembeni ya jokofu palikuwa na karatasi ya joto, asubuhi na jioni, na kila siku ilikuwa imeandikwa nne, kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Niliusifu mwandiko. Kwenye zahanati mbili zilizofuata niliwaambia waende wakajifunze kwake.

Tukawa tunakwenda pale kila mwezi. Kabla ya safari nilikuwa naandika barua na kumpa dereva wa lori la dagaa, ili nesi ajue siku tutakayofika na awaite akina mama. Njiani tulipita stoo ya wilaya tukabeba chanjo za mwezi ndani ya kasha la baridi, kwa kuwa gari letu ndilo lililokuwa na mafuta. Tunafika, tunakabidhi chupa, nesi anazipanga kwenye jokofu, sisi tunapewa maji. Daktari alipokuja naye alipewa maji. Alisema zahanati ya namna hii inampa moyo.

Halafu, mwezi wa saba mwaka uliofuata, mama mmoja alikuja zahanati tukiwa pale. Ni mke wa mvuvi, aliyejulikana kwa kuanika usipa, dagaa wa ziwa lile, safi kuliko wengine, na mtoto wake wa kike alikuwa amezaliwa karibu na Krismasi. Nilimfahamu kwa sababu nilimhoji mara mbili na mara zote mbili alikuwa ameniuliza maswali mengi kuliko mimi. Safari hii hakuuliza. Alikaa kwenye benchi, mtoto akaanza kukohoa, akaendelea kukohoa, na sote tukanyamaza kusubiri pumzi irudi. Ilichukua muda. Ikarudi kwa mlio. Miezi tisa nilikuwa nikiuigiza mlio ule kwenye nyua za watu, na nikatambua hapo kwamba sikuwahi kuupata hata mara moja.

Mama yule alimfuta mtoto matapishi, kisha akatoa kadi ya kliniki kwenye kanga, akaiweka mezani mbele ya nesi, na kidole chake kikakaa kwenye safu ya kifaduro. Tarehe tatu, sahihi tatu.

"Mama nesi," alisema, "hii ni sahihi yako au si yako?"

"Ni yangu."

"Basi niambie uliandika nini hapa."

Nesi aliinuka akafungua kabati la dawa. Alimpa dawa, ile tuliyokuwa nayo, akamweleza namna ya kumlaza na kumnyonyesha kidogo kidogo, akamwambia akiona amebadilika rangi aje mbio saa yoyote. Mama akamfunga mtoto mgongoni. Alikuwa amekwisha kununua chupa mbili za dawa ya kikohozi, moja nyekundu na moja ya kijani, kwenye duka la mfanyabiashara mmoja wa kutoka pwani. Alizitoa nazo akaziacha mezani, hakuzitaka tena. Akaondoka bila kuaga, na kwa kijiji kile kuondoka bila kuaga ni kusema maneno mengi.

Daktari hakuwepo safari ile. Mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu. Nilienda kwenye gari, nikatafuta chini ya kiti kitabu cha mwongozo wa chanjo tulichopewa siku ya kwanza, ambacho sikuwahi kukisoma kwa sababu hakikuwa sehemu ya dodoso. Dereva alikuwa akikitumia kuegemeza jeki. Nikakaa kivulini mwa gari nikakisoma kama mwanafunzi usiku wa kuamkia mtihani. Nilijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba joto huua chanjo. Ukurasa mmoja mbele ulisema kwamba chanjo ya matone ya polio na ile ya surua huvumilia kuganda, lakini hii yetu, ya donda koo, kifaduro na pepopunda, ikiganda mara moja imekwisha. Ikiyeyuka inaonekana kama kawaida, mchomaji hajui, mchomwaji hajui. Kulikuwa na namna ya kuijua: tikisa chupa, iweke mezani, ngoja. Iliyo nzima hubaki na wingu lake kwa muda mrefu. Iliyoganda hujitenga haraka, unga unakaa chini, maji yanabaki juu.

Nilirudi ndani nikamwomba nesi chupa moja kutoka kwenye jokofu lake. Nyingine niliitoa kwenye kasha letu, iliyofika asubuhi hiyo na ambayo nesi alikuwa bado hajaipanga humo. Nikachukua pia kipimajoto kutoka rafu ya kati, nikakilaza mezani. Nikazitikisa chupa zote mbili kwa pamoja, moja kila mkono, nikaziweka kando kando.

Tulikaa. Nje akina mama walikuwa wakingoja na kuzungumza Kinyasa, na nilisikia neno kahawa na kicheko. Nesi alikuwa ameweka mikono yake mapajani kama mtu aliye kanisani. Baada ya dakika chache chupa ya jokofu ilianza kusafika juu. Chembechembe zikashuka polepole, zikatulia chini kama machicha ya nazi. Ile ya kasha ilibaki nyeupe vilevile. Tuliendelea kuzitazama kwa muda ambao haukuwa na haja, kila mmoja akimwachia mwenzake aseme.

Nikakiangalia kipimajoto. Mchana ule mezani, huku jasho likinishuka shingoni, kilisema nne. Zebaki yake ilikuwa imekatika kwenye bomba tangu haijulikani lini. Nesi alikuwa akiandika kila siku alichokiona, na alikuwa akiona nne.

"Utambi," nilimwuliza. "Huwa unauzidisha lini?"

Alifikiri, si kwa sababu hakujua.

"Mkija," alisema. "Nikipata barua yenu nauzidisha siku mbili kabla, ili barafu ishike. Mkiondoka nasahau siku moja, mbili, ndipo naupunguza."

Basi. Dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni na bilauri mkononi, aliiweka bilauri chini ya dirisha taratibu, kama mtu aliyekutwa nayo. Kila mwezi tulikuwa tukitangaza safari, yeye akilitayarisha jokofu kwa ajili yetu. Tulikuwa tukifika na chupa nzima, zikaingizwa siku ile ile kwenye baridi kali kuliko siku zote, chini tu ya vikombe vya barafu yetu. Tulikuja kutafuta kwa nini watoto waliochanjwa wanaugua, na tulikuwa tukija kila mwezi. Labda walikuwa wakiugua hata kabla yetu, kwa sababu nyingine. Labda mabosi wengine wa ukaguzi waliotutangulia nao walikuwa na kiu. Sikuweza kujua. Mwandiko wangu tu ndio ulikuwa umebaki kwenye fomu: bora kuliko zote.

Kesho yake nilikuwa Mbinga kwenye simu ya posta, nikimpigia Daktari. Alinitaka nimrudie tarehe zote. Kisha akasema kwa uangalifu wake wa siku zote kwamba hata chanjo nzima haimkingi kila mtoto, kwa hiyo kuhusu mtoto yule mmoja hatuwezi kuapa. Lakini wengine wote waliochomwa pale tangu mwezi wa kumi walipaswa kuhesabiwa kama ambao hawajachanjwa, na kifaduro tayari kilikuwa kijijini. Wachomwe upya, mapema. Katika ripoti niandike kasoro katika utunzaji wa baridi. Na akina mama waambiwe ni sindano ya nyongeza. "Tusiwatishe," alisema. "Wakitishika wataacha na surua."

Nilikubaliana naye kabisa. Nataka hilo lijulikane, maana baadaye nimewahi kuisimulia habari hii kwa namna inayonipendeza zaidi. Nilishuka ziwani na kasha jipya, kipimajoto kipya, na neno nyongeza nimelifanyia mazoezi njia nzima.

Nesi alinisikiliza. Alikuwa amepunguza utambi mpaka ukawa nukta ya bluu, na barafu yote alikuwa ameitoa.

"Wataniuliza kwa nini nyongeza hii inawafikia wa kwetu tu na vijiji vingine hapana," alisema. "Nitawadanganya. Mara ya kwanza niliwachoma maji, lakini sikujua. Hii nitakuwa najua."

Nilimwambia wakijua hawatarudi. Sindano zote zitapotea, na surua, na matone. Nilimwambia amebakiza mwaka mmoja tu kustaafu, kwa nini aondoke na jina baya. Nilizungumza vizuri sana, kwa hoja zenye mpangilio, kama nilivyofundishwa. Aliningoja nimalize.

"Yule mama ameshaweka kadi yenye sahihi yangu mezani, mwanangu," alisema. "Unadhani wamekaa kimya huko ufukweni?"

Jumapili tulikwenda kanisani, mimi na dereva, tukakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Karibu na mwisho wa ibada ulifika wakati wa matangazo. Ilitangazwa kazi ya kurudisha mabati yaliyong'olewa na upepo, likafuata zoezi la kwaya, kisha mbuzi mweusi aliyepotea. Nesi akasimama mwisho, akiwa na gauni la kazini ingawa ilikuwa Jumapili. Hakupanda mbele. Alisema akiwa palepale kwenye safu ya wanawake, na ilibidi watu wageuke.

"Sindano ya paja niliyowachoma watoto wenu tangu mwaka jana mwezi wa kumi iliharibika," alisema. "Iliganda kwenye jokofu. Niliiharibu mimi, kwa baridi niliyoizidisha, na sikujua. Matone ya mdomoni ni mazima, surua ni nzima. Ya paja ndiyo. Jumatano nitakuwa na nyingine. Anayetaka amlete mtoto. Asiyetaka, sitamwendea kumlaumu."

Akakaa. Hakutaja wageni, hakutaja barua wala maji. Nilingoja ainuke tena aseme sehemu ya pili, ile ya kwetu, mpaka nikafahamu kwamba haikuwepo. Dereva alinigeukia akanitazama. Nilikuwa na sekunde kumi hivi za kusimama. Ninazikumbuka vizuri sekunde zile, kwa sababu nilizitumia kutazama kitabu cha nyimbo. Padri alitoa baraka, watu wakatoka.

Kwenye gari dereva alisema, bila kunitazama, "Mimi barafu yangu ilikuwa nyingi kuliko yako. Ningesimama ningesema nini?" Nikamwambia hakuna. Hatukulizungumza tena.

Jumatano zahanati ilifunguliwa saa mbili. Kasha lilikuwa mezani, chupa ndani, sindano zimechemshwa, kadi tupu zimepangwa. Saa tatu ilifika, hakuna mtu. Nilitoka nikasimama barazani. Kutoka pale ziliweza kuonekana chanja za usipa ufukweni, na wanawake waliokuwa wakigeuza samaki, wengi wao na watoto migongoni. Hakuna aliyeangalia upande wetu, kwa namna ile ya mtu anayejua anatazamwa. Nesi alikata utambi ambao haukuhitaji kukatwa. Saa nne alifagia. Nilianza kutunga kichwani barua ya Daktari, na nikaona aibu kwamba inanijia vizuri.

Saa nne na nusu alikuja yule mama wa kadi. Mtoto wake alikuwa mgongoni, amekonda, bado anakohoa, lakini pumzi ilikuwa ikirudi mapema zaidi kuliko mara ile. Kwake sindano haikuwa na kazi tena, ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kumkamata. Aliyemleta ni mwingine: alimshika mkono mdogo wake wa kike, mwali aliyejifungua mwaka ule, mwenye mtoto wa miezi minne aliyelala. Nyuma yao, kwa umbali wa kutosha kusema kwamba hawakuwa pamoja, walikuja wanawake wengine watano au sita, harufu ya usipa mikononi.

Mdogo mtu alikaa kwenye kiti, akamfunua mtoto paja. Nesi akachukua chupa na bomba la sindano.

"Ngoja," alisema yule mama. "Tikisa kwanza. Tuone."

Nesi alimtazama. Sijui kila mmoja aliona nini machoni mwa mwenzake, nilikuwa nyuma. Kisha akaitikisa chupa, akaiweka mezani kati yao, na akakaa. Wanawake wakasogea mlangoni. Mtoto wa miezi minne aliamka, akalia, akanyamazishwa na titi. Mtu mmoja aliuliza kwa Kinyasa, akajibiwa, na nesi akaeleza kwa kidole: hapa juu pakisafika, imekufa, pakibaki hivi, nzima. Tulingoja mpaka hata mimi, niliyejua, nikaanza kuogopa. Wingu lilibaki.

"Haya," alisema yule mama. "Mchome."

Aliyefuata naye alitaka chupa itikiswe, ingawa ilikuwa chupa ileile. Na aliyefuata. Nesi hakumkatalia hata mmoja. Kliniki iliyokuwa ikimalizika saa sita ilimalizika saa kumi, na nusu ya muda wote tulikuwa tumekaa tukitazama chupa ndogo juu ya meza. Si wote waliokuja siku ile. Wengine walikuja mwezi uliofuata, wengine waliwapeleka watoto vijiji vingine, na wachache hawakuja kabisa, na nesi hakuwaendea. Mtoto wa yule mama alikohoa mpaka mwezi wa tisa, kisha akaacha.

Niliambiwa miaka mingi baadaye, na mtu aliyefanya kazi huko baada yetu, kwamba wanawake wa kijiji kile walikuwa bado wanataka kutikisiwa chupa kabla ya sindano yoyote, hata zile ambazo kutikisa hakusemi lolote, na manesi wapya walilalamika kwamba wanapotezewa muda. Kwenye dodoso letu hapakuwa na mahali pa kuliandika jambo hilo. Katika ripoti niliandika kasoro katika utunzaji wa baridi, maneno matano, na Daktari alisema yametosha.

Jioni ile ya Jumatano, watu walipokwisha kuondoka, nesi alituletea maji. Aliyachota kwenye mtungi uliokuwa kona ya baraza. Yalikuwa ya uvuguvugu na yalikuwa na ladha ya udongo kidogo. Dereva alikunywa akasema asante mama. Mimi nilikunywa nikaomba tena.